Fisi wa Barabara ya Ushirombo

Maiti ilikuwa imelazwa vizuri mno. Hilo ndilo lililomkera Sajenti Majaliwa kabla hata hajaegesha baiskeli yake.

Mwanamke wa makamo, kaniki mwilini, rozari shingoni, alikuwa chini ya mninga hatua chache kutoka barabarani. Mguu wa kushoto ulikuwa umevunjika juu ya goti, na damu ilikuwa imeganda kwenye majani kiasi cha kuwavuta nzi wa msitu mzima. Lakini hakuwa ametupwa. Alilala ubavu wa kulia, mkono wa kuume umewekwa chini ya shavu, uso umeelekezwa kaskazini. Majani yaliyolala kutoka barabarani hadi pale yalionyesha kwamba mtu alimburuta, kisha akapata subira ya kumpanga.

"Lori," alisema Konstebo Jilala. "Limemgonga likakimbia."

"Limemgonga, ndiyo. Kukimbia, tutaona."

Marehemu alijulikana mara moja. Aliitwa Scolastika, mjane wa kijiji cha jirani, na aliyemtambua alikuwa mdogo wake, Mektilda, ambaye alikaa chini akiwa na ungo na ufagio, hana tena nguvu ya kulia. Sajenti alimpa pole, akachuchumaa mbele yake, akamwomba amweleze dada yake alikuwa akitafuta nini barabarani alfajiri ya jana.

Alikuwa anafagia chakula. Nzige walikuwa wamekula mashamba yote ya upande ule, na malori yaliyopeleka mtama machimboni Geita yalipita na magunia yaliyotoboka. Mtama ulidondoka njiani. Kina mama walikuwa wakitoka kabla ya jua na nyungo zao, wanainama, wanafagia barabara ya serikali punje kwa punje, wanapepeta mchanga, wanarudi nyumbani kupika uji. Scolastika alipenda kutangulia wenzake. Aliyetangulia alipata zaidi.

"Alikuwa amejifunika nini?"

"Kaniki hiyo hiyo. Kulikuwa na baridi."

Mwanamke aliyeinama, amejifunika nguo nyeusi, katika giza linaloanza kupasuka. Majaliwa aliliweka hilo moyoni, akaenda kuitazama barabara.

Mstari mwembamba wa mtama ulikuwa bado unaonekana pale ambapo kuku wa porini hawakuufikia. Aliufuata kuelekea Ushirombo. Ulipita mahali palipokuwa na damu, ukaendelea kidogo, halafu mbele yake akakuta kirundo cha mtama, kama wa kujaza viganja viwili. Baada ya hapo mstari uliendelea tena mwembamba.

Gunia lililotoboka likiwa mwendoni huacha mstari. Likisimama hujaza mahali pamoja. Lori lile halikukimbia hata kidogo. Lilisimama, na lilisimama kwa muda wa kutosha.

Jioni maneno ya tabibu wa misheni yalimvunja Majaliwa moyo kabisa. Mfupa umevunjika, alisema, lakini kifua, kichwa na tumbo vizima. Damu ilitoka polepole. Mwanamke yule alikuwa hai mpaka jua limepanda sana. Kama angeletwa pale misheni angepoteza mguu, pengine, lakini angekuwa kitandani akiwagombeza wauguzi.

Misheni ilikuwa mbele, kwenye barabara ile ile, upande ule ule lori lilikokuwa likienda. Sajenti Majaliwa alikuwa mtu mpole, lakini usiku ule alikosa usingizi kwa hasira.

Bwana Shauri, mtawala wa wilaya ya Kahama, alipenda mambo mafupi. Alimsikiliza Majaliwa akiwa amesimama, kisha akamwambia anataka kumjua mtu mmoja tu: aliyeshika usukani. Kumgonga mtu kwa mwendo kasi ni kifungo. Kumgonga, kushuka, kumwona yu hai na kumficha majanini afe, hicho ni kitanzi. Amletee mtu huyo na kesi itaenda kwa jaji.

"Na kama aliyeshika usukani siye aliyeshuka, bwana?"

Bwana Shauri alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yana mifupa. Majaliwa akapiga saluti akatoka.

Kulitafuta lori hakukuwa kazi. Asubuhi ile lilipita moja tu lenye mtama, la tajiri mmoja wa Kahama, na lilikuwa halijarudi kutoka Geita. Askari waliweka mti barabarani, wakasubiri. Lilipotokea, lilikuwa linakuja kwa kasi ya kutisha, vumbi limefunika miti, na lilisimama pua yake ikiugusa mti.

Kwenye usukani alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, Clemens, mzaliwa wa Ushirombo. Pembeni yake aliketi mzee mwenye kofia ya kitani safi, na askari wote wawili walimwamkia. Huyo alikuwa Salehe, lakini hakuna aliyemwita Salehe tu. Aliitwa Mwalimu. Nusu ya madereva wa njia ya Geita walishika usukani kwa mara ya kwanza yeye akiwa pembeni, anawapiga kofi mkononi wakikosea gia. Alikuwa pia jirani yake Majaliwa katika mtaa wa Nyasubi, Kahama. Walisali safu moja.

Bampa ilikuwa imebonyea kushoto. Katika pembe yake palikuwa na damu kavu na uzi wa kaniki. Clemens hakungoja kuulizwa.

"Tulimgonga fisi," alisema.

Lori na watu wake wote wawili walipelekwa kituoni Kahama. Kabla ya kuanza mahojiano, mwanamke mmoja alikuja kukaa kwenye baraza na mzigo wa chakula. Alikuwa Salvina, mama yake Clemens, aliyetoka Ushirombo kwa miguu na kwa kudandia malori baada ya kusikia habari. Alimsalimia kila askari aliyepita. Hakuomba kitu, ila alitaka kujua kama mwanawe angerudi nyumbani, kwa sababu baba yake alikuwa amekufa na ng'ombe walikuwa wamekufa na amebaki huyo. Majaliwa alimwambia asubiri.

Clemens alihojiwa kwanza. Alikaa wima, mikono magotini, akajibu kila swali bila kusitasita.

"Umejifunza gari muda gani?"

"Huu mwezi wa pili."

"Una leseni?"

"Bado. Mwalimu alisema yake inatutosha wawili."

"Nani aliendesha siku ile?"

"Mimi. Naendesha mimi siku zote."

"Siku zote? Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Kahama mpaka Geita, kwenda na kurudi."

Majaliwa aliweka kalamu chini. Mwanafunzi wa wiki moja, na lori la tani tatu. Akamuuliza kwa nini alikuwa anakwenda kasi alfajiri, mahali penye watu. Clemens alieleza kwamba barabara ile ina mawimbi, na Mwalimu alimfundisha kuwa ukienda polepole gari litavunjika spring, ukikanyaga mafuta litapita juu juu. Kila alipopunguza, Mwalimu aligonga dashibodi kwa vidole, maana yake ongeza. Yeye aliongeza.

"Na siku ile?"

"Niliona kitu kimeinama mbele, cheusi. Nikasema, Mwalimu, kuna kitu. Akaniuliza kitu gani. Nikasema kama fisi. Akasema, basi pita."

Hapa msomaji asiyeijua njia ile inabidi aelezwe. Madereva wa Geita walikuwa na sheria zao, na ya kwanza ilikuwa hii: fisi hapigiwi breki. Wasukuma humwita mbiti, na inaaminika huko kwamba wachawi humpanda usiku kama punda, na alfajiri ndipo wanaporudi makwao. Dereva anayepunguza mwendo kwa ajili ya mbiti anajipa nafasi ya kutazamwa na aliyempanda. Majaliwa, mtoto wa mjini mwenye asili ya pwani, alizoea kuwacheka watu kwa mambo hayo, mchana. Sheria hiyo Mwalimu Salehe aliwafundisha wanafunzi wake wote pamoja na klachi na honi.

"Mkasimama."

"Mbele kidogo. Mwalimu alitaka kutazama gari. Akaniambia nisishuke wala nisigeuke."

"Akakaa huko?"

"Akakaa sana. Aliporudi akasema, ni fisi, nimemvuta pembeni, twende."

"Ulimwamini?"

"Ni mwalimu wangu," alisema Clemens.

Majaliwa alitoka nje kupunga upepo. Aliona kijana anasema kweli, na aliona pia kwamba kweli hiyo ingemnyonga, maana Bwana Shauri angesikia neno moja tu, "naendesha mimi". Kilichobaki ni kujua kwa nini dereva hodari kuliko wote wa wilaya amekaa pembeni miezi miwili na kumwachia mwanagenzi usukani. Uvivu? Mzee Salehe hakuwa mvivu. Majaliwa alimkumbuka msikitini siku hizi, akipapasa viatu vyake mlangoni wakati watu wote wamekwisha kuvaa vyao.

Akamwita Jilala pembeni akamnong'oneza. Jilala alikwenda nyuma ya kituo, akaja akisukuma pipa tupu la mafuta, akalisimamisha katikati ya uwanja, mbele ya lori, mahali ambapo mtoto wa miaka mitatu angeliona.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Majaliwa barazani.

Mzee aligeuza kichwa kwenye sauti. "Marahaba. Majaliwa, siyo?"

"Ni mimi. Naomba utusogezee lori kivulini, kule ukutani."

Clemens aliinuka haraka, kwa mazoea. Sajenti akamwambia akae. Mzee Salehe alisimama kitambo, akaiweka sawa kofia yake, akaliendea lori akigusa boneti, akaifuata bodi kwa mkono mpaka mlangoni. Aliliwasha vizuri. Gia ililainika mkononi mwake bila kelele, na askari waliokuwa wakitazama walitikisa vichwa kwa kusifu. Kisha akalipeleka moja kwa moja kwenye pipa. Hakupiga breki, hakupinda. Pipa lilipiga kelele likaviringika mpaka kwenye miguu ya Salvina.

Injini ilizimwa. Mzee hakushuka mpaka Majaliwa alipokwenda kumshika mkono.

Ndani, walikaa wawili tu. Majaliwa alimmiminia maji, naye akayashika baada ya kuyatafuta mezani.

"Tangu lini, Mwalimu?"

"Mwaka wa pili. Ukungu. Kwanza jicho hili, halafu na hili. Sasa namwona mtu kama kivuli, simjui mpaka aseme."

"Tajiri wako anajua?"

"Hajui mtu. Mke wangu hajui."

"Clemens?"

"Clemens anadhani namfundisha."

Majaliwa alimwacha anywe. Akamwomba aeleze habari ya fisi. Mzee alisema alishuka, akamkuta fisi amekufa, akamvuta pembeni ili asiharibu gari la dereva mwingine, akamtupa, akarudi. Alisema yote hayo kwa sauti ile ile aliyotumia kufundishia.

"Ulimtupaje?"

"Fisi anatupwaje? Nilimtupa."

"Fisi wako nimemkuta amelala ubavu wa kulia," alisema Majaliwa taratibu. "Mkono wa kuume chini ya shavu. Uso kaskazini. Mwalimu, kutoka hapa kwetu, kaskazini kuna nini?"

Nje watu walikuwa wakilirudisha pipa.

"Clemens ni Mkristo," Majaliwa aliendelea. "Hajui kibla kiko wapi. Mimi na wewe tunakijua. Hivyo ndivyo tulivyomlaza marehemu baba yangu alipokuwa anakata roho, na wewe ulikuwepo, ulimshika kichwa."

Kofia ilikuwa imeanguka. Mzee Salehe aliiokota, akaikung'uta, akashindwa kuivaa.

"Nilidhani ni fisi kweli," alisema. "Wallahi, Majaliwa. Nilishuka nikidhani ni fisi. Nilisikia pumzi, nikainama, nikapapasa. Nikashika nguo."

"Alikuwa hai."

"Alinishika mkono."

"Akasema?"

"Alisema lugha yao, sikuelewa. Nikajua anataka maji. Nilimpa, yale ya kujazia rejeta."

"Kisha ukamburuta."

"Ili jua likipanda lisimpate."

"Na kibla? Uligusa rozari yake. Ulijua si Mwislamu."

"Nilijua. Lakini mimi sijui kumlaza mtu vingine."

Majaliwa alisimama akaenda dirishani. Aliporudi sauti yake ilikuwa imebadilika, na heshima ilikuwa imeondoka ndani yake.

"Ulipata nafasi ya kumnywesha. Ulipata nafasi ya kumlaza. Misheni ilikuwa mbele yenu, mngefika kabla ya kengele ya misa. Kwa nini hukumpandisha garini?"

"Misheni kuna watu. Wangeuliza nani alikuwa anaendesha. Nikisema Clemens, wataona hana leseni, watamfunga mtoto wa watu."

"Kwa hiyo ulikuwa unamlinda Clemens."

Mzee aliizungusha kofia mikononi.

"Hapana," alisema mwishowe. "Nimejiambia hivyo tangu siku ile, lakini hapana. Nikisema ninaendesha mimi, wangenitazama macho. Nikisema yeye, wangeuliza mimi nilikuwa nafanya nini pembeni. Popote ningepita ingefika kwenye macho yangu. Watu wote hawa waliofundishwa na mimi. Nikishuka kwenye gari mimi ni nani? Kipofu wa Nyasubi anayeshikwa mkono kwenda msikitini."

"Na kasi? Kwa nini ulimkimbiza mwanagenzi gizani?"

"Tajiri akiona lori linachelewa atasema Salehe amezeeka. Nilitaka tufike kama zamani. Nilikuwa sioni barabara, basi naisikiliza. Ikipita kwa kasi chini ya miguu yangu, nasikia kama naendesha mwenyewe."

Hiyo ndiyo sababu. Mwanamke alikufa kwa mguu uliovunjika, katika mwanga wa mchana, ili mzee mmoja asijulikane kuwa haoni. Majaliwa aliandika yote, akamsomea, akakishika kidole cha mzee na kukibandika kwenye wino kwa sababu hakuiona karatasi.

"Naomba jambo moja," alisema Salehe kabla ya kutolewa. "Clemens mwache na fisi wake. Anyongwe anayejua."

Bwana Shauri, alipopelekewa maelezo hayo, aliuliza swali lake lile lile. Majaliwa alijibu kwamba aliyeshika usukani alikuwa mwanafunzi, na mwanafunzi huona kile mwalimu anachomwambia ni halali kuona. Aliyejua kuwa pale chini kuna mtu ni mmoja. Bwana Shauri alivuta kiko, akasoma tena, akakubali shingo upande. Mashtaka ya mauaji yamfuate mzee. Kijana atoe ushahidi, atozwe faini ya kuendesha bila leseni, aende kwao.

Majaliwa alirudi kituoni akiwa mwepesi kwa mara ya kwanza wiki ile. Alipopita barazani alimwambia Salvina kwamba leo angerudi na mwanawe. Mama yule alimshika mikono yote miwili, akaibusu.

Kilichobaki kilikuwa kuandika ushahidi wa Clemens, na hapo asingeweza kutimiza ombi la mzee, maana mahakamani kijana angesikia tu. Alifunga mlango. Akamwambia polepole, kama anavyomwambia mtu habari ya msiba, kwamba yule hakuwa fisi. Alikuwa mtu. Mwanamke aliyekuwa akifagia mtama.

Clemens hakushtuka. Alitazama mikono yake magotini.

"Aliitwa nani?" aliuliza.

"Scolastika."

"Simjui."

Majaliwa angependa sana kuinuka atoke kabla neno jingine halijasemwa.

"Unamsikitikia Mwalimu," alisema. "Ni kawaida. Amekudanganya, lakini alikuwa mwalimu wako."

"Hakunidanganya," alisema Clemens. "Yeye hajui Kisumbwa."

"Nini?"

"Dirisha lilikuwa wazi. Aliomba maji kwa Kisumbwa, kama mama yangu anavyosema. Aliomba mara nyingi. Halafu akauliza kama kuna mtu garini."

"Ukasikia."

"Nikasikia. Mwalimu akaja akasema ni fisi, twende. Nikatia gia."

"Kwa nini, Clemens?"

Kijana aliwaza kwa bidii, kama mtu anayetaka kujibu sawasawa.

"Alikuwa ameahidi kunitoa mwezi huu. Kunitangaza mbele ya madereva wote kwamba nimehitimu. Nikisema nimesikia, nani angenitoa?"

Karatasi ya ushahidi ilikuwa mezani, bado nyeupe. Majaliwa aliitazama muda mrefu. Angeweza kuandika maneno aliyokuja kuyaandika, na hakuna ambaye angejua, wala mzee, wala Bwana Shauri. Alimfikiria Scolastika akiuliza kama kuna mtu garini.

Aliirudisha karatasi ile ndani ya jalada akatoa nyingine, ile ya mshtakiwa, akaanza kwa jina. Walipomaliza alimwita Jilala aje na funguo, amweke kijana chumba kimoja na Mwalimu wake, kwa kuwa kituo kilikuwa na chumba kimoja tu.

Kisha akabaki mezani, hajui atatoka kwa mlango upi. Barazani Salvina alikuwa amekwisha kufunga mzigo, amesimama, tayari kwa safari.